Sauti ya Ubao Mama, Kadi za Sauti na Mihuri ya Ubora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wateja hutuuliza kila wiki katika karakana yetu ndogo ya kompyuta mjini Kisumu, pamoja na machache yanayotufikia kwa simu kutoka Nakuru, Kakamega na Bungoma. Wengi wa wanaouliza ni walimu wa kwaya na mafundi wa mitambo ya makanisani, vijana wanaorekodi muziki vyumbani mwao, na wachezaji wa michezo ya kompyuta ambao wamesoma maneno makubwa kwenye boksi la ubao mama (motherboard, ule ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta) na wanataka kujua kama maneno hayo yana ukweli.

Je, kompyuta ya leo bado inahitaji kadi ya sauti inayonunuliwa kando?

Kwa watu wengi haihitaji. Anayesikiliza muziki, kutazama filamu, kufundisha kwa video au kuandaa matangazo ya redio kutokana na faili zilizokwisha kurekodiwa atatosheka na sauti ya ubao mama wowote uliotengenezwa miaka ya karibuni, mradi tu ubao wenyewe ni mzima na nyaya zimeunganishwa ipasavyo.

Dhana kwamba sauti ya ubao mama ni duni ina historia yake, na haikuzuka bure. Sound Blaster ya kwanza ya kampuni ya Creative kutoka Singapore ilipoingia sokoni mwaka 1989, kompyuta nyingi za ofisini hazikuwa na sauti nyingine ila mlio wa "biip" wa kispika kidogo kilichofungwa ndani ya kasha. Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni iliyoitwa AC'97, ambayo iliwawezesha watengenezaji kuweka sauti kwenye ubao wenyewe kwa gharama ndogo, na wengi wao walifanya hivyo kwa ubahili: chipu iliwekwa popote palipobaki nafasi, umeme wake ukachotwa palepale panapochotwa umeme wa kila kitu kingine, na msikilizaji akavumilia mlio wa mbu usiokoma. Kanuni iliyofuata, HD Audio ya mwaka 2004, iliruhusu sampuli za sauti, yaani vipimo vyake, za hadi biti 32, zikichukuliwa mara 192,000 kwa sekunde (kilohezi 192), pamoja na njia nane za sauti. Tangu hapo hali imebadilika sana, ila sifa mbaya ya miaka ile bado inatembea mitaani.

Boksi lina mihuri mitano. Ni upi unaozungumzia ubora wa sauti?

Mara nyingi ni mmoja tu, na wakati mwingine hakuna hata mmoja. Kila muhuri hujibu swali lake, kwa hiyo kabla ya kuuamini ni lazima ujue uliulizwa nini.

Ipo mihuri ya usalama na ya mawimbi. Alama ya CE ya Ulaya, kwa bidhaa za aina hii, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe anapotangaza kwamba kifaa chake kinafuata sheria za huko. Alama ya FCC ya Marekani huhusu mawimbi yanayovuja kutoka kwenye kifaa na kuweza kuvuruga redio na televisheni ya jirani. Stika ya KEBS, lile Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa tunalolifahamu sote, huonyesha kwamba bidhaa iliyoagizwa imefuata utaratibu wa viwango unaotakiwa ili iuzwe nchini. Mihuri hii yote ni ya maana, na mtu asinunue kifaa cha umeme bila kuitazama, lakini kifaa kinaweza kuwa nayo yote na bado kikatoa sauti ya debe.

Upo pia muhuri wa Microsoft. Kifaa kilichopita majaribio ya kampuni hiyo hupata idhini ya kutumia nembo ya Windows, na draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia, hutiwa saini. Enzi za Windows Vista masharti ya nembo hiyo yaligusa hata usafi wa sauti, ndiyo maana nyaraka za chipu za Realtek, kampuni inayotengeneza chipu za sauti za bao mama nyingi, za wakati huo zinajivunia kuyatimiza. Tatizo ni kwamba masharti ya namna hii hufanana na alama ya kupita mtihani: aliyepata 40 na aliyepata 95 wote wamepita, na cheti hakikuonyeshi nani ni nani.

Halafu zipo nembo za Dolby na DTS, ambazo kwenye ubao mama huwa ni za leseni. Mtengenezaji amelipia haki ya kutumia teknolojia fulani, kwa mfano Dolby Digital Live au DTS Connect, ambazo hufungasha sauti ya njia 5.1 (spika tano na moja ya besi) papo hapo ili ipite kwenye kebo ya mwanga hadi kwenye amplifaya ya sebuleni. Bila teknolojia kama hizo, kebo hiyo hubeba njia mbili tu za sauti isiyobanwa. Kwa hiyo nembo inakwambia kazi ambayo kifaa kinaweza kufanya. Haikwambii chochote kuhusu kelele iliyopo kwenye tundu la hedfoni.

Mwisho ni mihuri ya vipimo vya sauti yenyewe, na hapa ndipo penye utata mwingi. THX ilianzishwa mwaka 1983 ndani ya kampuni ya Lucasfilm kwa ajili ya kumbi za sinema, na baadaye ikaanza kuidhinisha vifaa vya nyumbani, zikiwemo kadi za sauti kama Sound Blaster Audigy 2 ZS. Miaka michache baadaye kukatokea bao mama zilizoandikwa THX TruStudio Pro kwenye boksi. Hiyo ilikuwa programu ya kuongeza madoido: kutanua sauti, kukoleza besi, kuinua maneno ya waigizaji. Herufi tatu ni zilezile, lakini moja ni cheti cha kifaa kilichopimwa na nyingine ni programu unayoweza kuizima kwa kubofya mara moja. Nimemwona mteja akiongeza elfu kadhaa kwa sababu ya herufi hizo bila kujua tofauti, na muuzaji wake naye, kwa kumtetea, hakuijua.

Nembo ya dhahabu ya Hi-Res Audio ina maana gani?

Nembo hiyo ni ya Japan Audio Society, na masharti yake yalianza kutumika mwaka 2014. Kifaa cha kidijitali kinatakiwa kimudu angalau biti 24 kwa kilohezi 96, na sehemu za analogi, kama vile amplifaya na hedfoni, zinatakiwa zifikie kilohezi 40. Binadamu mwenye masikio mazuri, na bado kijana, husikia hadi karibu kilohezi 20, na CD ya kawaida, inayopima sauti kwa kilohezi 44.1, inabeba sauti zote hadi nusu ya hapo, kilohezi 22 hivi. Nembo hii basi inathibitisha uwezo halisi, lakini sehemu kubwa ya uwezo huo iko mahali ambapo sikio halifiki. Mimi sijawahi kumshauri mtu anunue wala aache kitu kwa sababu yake.

Boksi linasema desibeli 120. Je, nitazipata?

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu nambari yenyewe si ya uongo na bado inapotosha.

Desibeli hizo ni uwiano kati ya sauti kubwa kabisa inayotolewa na kelele inayobaki sauti inaponyamaza. Chipu ya Realtek ALC1220 hutangazwa kwa desibeli 120 upande wa kucheza, ALC1150 kwa 115, na chipu za bei nafuu kama ALC887 huwa kati ya 90 na 100. Nambari hizi ni za chipu. Hupatikana ikiwa imepewa umeme safi, bila jirani wa kuisumbua, na kelele ikiwa imepimwa kwa mizani maalumu iitwayo A, ambayo hupunguza uzito wa masafa ambayo sikio haliyasikii vizuri.

Sasa tuifanyie hesabu. Tuseme tundu la nyuma linatoa volti 2 sauti ikiwa juu kabisa. Ili ufikie desibeli 120, kelele yote isizidi sehemu moja ya milioni ya hizo, yaani mikrovolti 2. Sentimita chache kutoka hapo kuna kadi ya picha inayofyonza wati mia na zaidi kwa mikupuo, kuna vidhibiti umeme vya prosesa vinavyowaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kuna feni. Kuilinda mikrovolti 2 katika mazingira hayo ni sawa na kubeba mshumaa uliowaka kuvuka stendi ya Kondele siku ya upepo: inawezekana, lakini lazima uwe umejipanga. Ukiridhika na desibeli 100, unaruhusiwa mikrovolti 20, na hicho ni kiwango ambacho ubao uliochorwa kwa uangalifu unaweza kukifikia.

Swali la kujiuliza baada ya hapo ni kama unazihitaji. Kila biti moja huleta takriban desibeli 6, hivyo muziki wa biti 16, ambao ndio tunaousikiliza wengi wetu, una uwanja wa desibeli 96 hivi kati ya kimya na kilele. Chumba cha kulala kilichotulia kina kelele ya desibeli 30 hivi. Mtu anayetaka kuzisikia desibeli zote 120 juu ya kelele hiyo atalazimika kupandisha sauti hadi 150, na hapo atakuwa ameyaharibu masikio yake kabla ya wimbo kufika kiitikio. Na hatujataja bado mvua ya alasiri inavyopiga mabati ya Kisumu.

Kwa nini bao mbili zenye chipu ileile hazisikiki sawa?

Chipu ni kama unga, na ubao ndio jiko. Mtengenezaji makini hutenga kona ya ubao kwa ajili ya sauti, akaacha mstari usio na shaba kati ya kona hiyo na sehemu nyingine, akaipa kidhibiti umeme chake, na wakati mwingine akaongeza kikuza sauti kidogo kwa ajili ya hedfoni. Mwingine hununua chipu ileile, akaiandika kwa herufi kubwa kwenye boksi, kisha akaipitishia nyaya za data kando yake. Kapasita za rangi ya dhahabu zinazotangazwa sana zina mchango, lakini mchango wa mpangilio wa njia za umeme ni mkubwa zaidi, na bahati mbaya hauonekani kwenye picha. Zile taa zinazomulika mstari wa sauti ni pambo tu.

Nikisogeza kipanya nasikia mlio kwenye hedfoni. Je, ubao umeharibika?

Kwa kawaida haujaharibika. Mlio huo ni kelele ya shughuli za kompyuta inayopenya kwenye njia ya sauti, na mara nyingi hupenyea kwenye waya unaotoka ubao mama hadi tundu la mbele la kasha. Waya huo hukatiza ndani ya kasha zima, hupita juu ya kadi ya picha, na kwenye makasha ya bei rahisi hauna hata kinga.

Mwanafunzi mmoja alituletea mashine yake akiwa tayari ameweka kando fedha za kadi mpya. Tulichomoa hedfoni mbele, tukazichomeka nyuma kwenye tundu la kijani, na mlio ukakatika palepale. Tulipofungua kasha tukakuta waya wa mbele una vichwa viwili, kimoja kimeandikwa AC'97 na kingine HD AUDIO, na aliyeiunganisha alikuwa amechomeka kile cha kwanza. Tulikibadilisha, tukauhamisha waya upite ukutani mwa kasha mbali na kadi ya picha, na hata tundu la mbele likatulia. Hakununua kadi.

Ikiwa mlio upo hata nyuma, fungua mipangilio ya sauti uzime njia za kuingiza ambazo huzitumii, hasa maiki na tundu la bluu la kuingizia sauti, kwa maana mara nyingine kelele hutoka huko na kuchanganywa na sauti inayocheza. Ukishindwa, hapo ndipo itakapofaa kuitoa sauti nje ya kasha kwa kifaa cha USB.

Kanisani kwetu kompyuta ikiunganishwa na mikisa kunatokea mvumo mzito. Kadi bora itauondoa?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi. Mvumo mzito usiobadilika, wa hezi 50 au 100, ni alama ya umeme wa ukutani, ambao Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Kompyuta imechomekwa ukuta wa mbele kando ya projekta, mikisa imechomekwa ukuta wa nyuma, kila moja ina waya wake wa ardhi, na kebo ya sauti inapoziunganisha, mzunguko unakamilika na mkondo mdogo unaanza kupita ndani ya kebo hiyo. Kadi ya bei yoyote ikiwekwa katikati ya mzunguko huo itavuma vilevile.

Nakumbuka Jumamosi moja ya mazoezi ya kwaya. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mbele, laptopu mapajani, na mvumo umejaa ukumbini. Mwalimu wa kwaya akauliza, "Fundi, hiyo ngurumo ni ya spika au ni ya kompyuta?" Nikamwambia, "Mwalimu, hebu tusubiri kidogo," nikachomoa chaja. Kimya. Nikairudisha, ngurumo ikarudi nayo. Mwalimu alicheka, akaichomoa na kuirudisha mwenyewe mara tatu, kama mtoto aliyepata swichi. Kilichotibu ni kuchomeka laptopu na mikisa kwenye soketi ya ukuta mmoja, na baadaye kuweka kati yao kisanduku kidogo chenye transfoma ya kutenganisha, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi za pande mbili.

Lipo jambo ambalo lazima lisemwe bila kuzungukazunguka: usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma.

Je, hedfoni zangu zitanufaika na kadi ya sauti?

Inategemea ukinzani wa ndani wa tundu, yaani kiasi linavyozuia umeme, ambao hupimwa kwa omu, jambo ambalo boksi halilitaji mara nyingi. Chukua tundu la ubao mama lenye ukinzani wa omu 75, ambao si wa ajabu kwenye matundu yaliyokusudiwa spika za mezani, na hedfoni za omu 32 ambazo, kama ilivyo kwa hedfoni nyingi, hupanda hadi omu 64 kwenye besi. Kwa hesabu ya kawaida ya kugawana volti, besi itapandishwa kwa karibu desibeli 3.7 kuliko sauti nyingine. Hedfoni hizohizo kwenye tundu la omu 2 zitapandisha besi kwa takriban robo ya desibeli tu. Tofauti hiyo ya kwanza kila mtu ataisikia, ingawa sishangai wengine wakiipenda: muziki wa ohangla wenye besi nene haujawahi kumuudhi mtu mtaani kwetu.

Mwenye tatizo hili hahitaji kadi kubwa ya kuingia ndani ya kasha. Kifaa kidogo cha USB chenye ukinzani mdogo kinatosha, na hata adapta za simu zinazogeuza USB-C kuwa tundu la hedfoni, kama zimetengenezwa na kampuni inayojiheshimu, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko umbo lao linavyoonyesha. Jihadhari tu na zile za plastiki zilizoandikwa "7.1" huku zikiwa na tundu moja la hedfoni, hizo saba ni za programu.

Nataka kurekodi kwaya. Je, tundu la waridi la maiki linatosha?

Halitoshi, na hili ndilo eneo ambalo kifaa cha nje kinashinda ubao mama waziwazi.

Maiki ya kawaida ya jukwaani, ile ya kushika mkononi, hutoa takriban milivolti 2 inapopokea sauti ya desibeli 94, ambayo ni sauti kubwa kwa karibu. Ili kuipandisha hadi volti moja inahitaji kukuzwa kwa desibeli 54 hivi. Kipengele cha kuongeza nguvu ya maiki kwenye Windows, kwa chipu nyingi za Realtek, huishia desibeli 30. Unachobaki kukifanya ni kuinua sauti ndani ya programu baada ya kurekodi, na hapo unainua kelele pamoja na alto na besi. Isitoshe, upande wa kurekodi wa chipu hizi daima huwa dhaifu kuliko upande wa kucheza. Hata ALC1220 inayojivunia 120 hutangazwa kwa 113 wakati wa kurekodi, na zile za bei nafuu huwa karibu na 90.

Kuna pia suala la umeme wa maiki. Tundu la waridi hutoa volti chache tu, zinazotosha maiki ndogo za hedseti, wakati maiki za kondensa zinazotumiwa studio huhitaji volti 48 kupitia kebo ya XLR, ile yenye plagi ya pini tatu. Kifaa cha USB chenye tundu la XLR na swichi ya volti 48, kama vile Scarlett 2i2 ya Focusrite au UMC22 ya Behringer, kimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Kwa anayerekodi sauti za watu, ningemshauri atumie fedha zake zote hapo na kwenye maiki, asiguse ubao mama kabisa.

Faida nyingine ni ucheleweshaji. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta huchanganyikiwa sauti yake ikirudi kwa kuchelewa. Vingi vya vifaa hivi huja na draiva ya ASIO, mfumo uliobuniwa na Steinberg, inayoiwezesha kompyuta kushughulikia sauti kwa mafungu madogo. Fungu la sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni takriban milisekunde 5, sawa na muda ambao sauti huchukua kusafiri chini ya mita mbili hewani. Fungu huhesabiwa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, lakini bado ni jambo ambalo mwimbaji anaweza kulizoea.

Hedseti ya simu yangu inasikika kwenye kompyuta ya mezani, lakini maiki haifanyi kazi. Kwa nini?

Plagi ya simu ina mikanda minne, inayobeba kushoto, kulia, ardhi na maiki, huku matundu ya kijani na waridi yakitarajia plagi mbili zenye mikanda mitatu kila moja. Nunua kebo ya kugawanya. Si tatizo la kadi.

Mimi ni mchezaji wa michezo. Je, kadi itanisaidia kusikia adui anatokea upande gani?

Zamani jibu lilikuwa ndiyo. Kadi kama Sound Blaster Live! ya mwaka 1998 na X-Fi ya mwaka 2005 zilikokotoa mwangwi na mwelekeo wa sauti kwa chipu zao wenyewe, kupitia teknolojia iliyoitwa EAX, na prosesa ikapumzika. Windows Vista ilipokuja, Microsoft iliiondoa njia iliyokuwa ikiiruhusu michezo kuifikia kadi moja kwa moja, na tangu hapo mahesabu hayo hufanywa na mchezo wenyewe ndani ya prosesa, ambayo leo haioni uzito wowote. Hedfoni nzuri zitakusaidia zaidi.

Nikitumia HDMI au kebo ya mwanga, ubora wa ubao mama una maana?

Karibu hauna. Sauti inatoka ikiwa bado ni tarakimu, na kugeuzwa kuwa mawimbi hufanyika kwenye televisheni au amplifaya. Kebo ya mwanga ina fadhila nyingine: haipitishi umeme, kwa hiyo haiwezi kubeba mvumo wa ardhi niliouzungumzia hapo juu.

Nimepata kadi ya zamani ya PCI kwa bei ya kutupa. Nichukue?

Pima mambo mawili kwanza. Bao mama nyingi za sasa hazina nafasi ya PCI, ile ya zamani ya kuchomekea kadi, zina PCI Express pekee, na kadi ya moja haiingii kwenye nyingine. La pili ni draiva: kadi iliyokuwa malkia wakati wa Windows XP huenda haina draiva ya mfumo unaoutumia leo, na kadi isiyo na draiva ni kipande cha shaba. Wanaotumia Linux wana bahati kidogo hapa, kwa kuwa mfumo wake wa ALSA bado unazitambua kadi nyingi za zamani, na vifaa vingi vya USB hufanya kazi mara vinapochomekwa.

Vumbi, unyevu na radi zinaathiri sauti?

Zinaathiri kuliko mihuri yote tuliyoijadili. Jina la Nakuru lenyewe husemwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mashine zinazotufikia kutoka huko wakati wa kiangazi huwa na matundu yaliyoziba kiasi kwamba plagi haiingii hadi mwisho. Dalili ni sauti kukatika upande mmoja unapoitikisa plagi. Kwa Kisumu tatizo ni unyevu wa ziwa, unaoacha kutu nyembamba kwenye miguso ya matundu. Matibabu ya yote mawili ni dawa ya kusafishia miguso ya umeme, brashi laini na subira, na hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kadi.

Radi ni habari nyingine. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopata radi kwa wingi sana, na kebo ndefu ya sauti inayotoka kwenye kompyuta hadi kwenye spika za nje ya jengo ni njia nzuri ya kuingiza msukosuko wa umeme moja kwa moja kwenye chipu ya sauti. Wingu likianza kujikusanya, chomoa hata kebo za sauti, usichomoe plagi ya umeme peke yake.

Nawezaje kupima mwenyewe badala ya kutegemea stika?

Tafuta kebo fupi yenye plagi za milimita 3.5 pande zote mbili, iunganishe kutoka tundu la kijani hadi tundu la bluu, kisha utumie programu ya bure iitwayo RightMark Audio Analyzer. Programu hiyo hucheza sauti za majaribio, ikazirekodi, na kukuonyesha kelele, upotoshaji wa sauti, uvujaji kati ya kushoto na kulia, na kama masafa yote yanatoka kwa usawa. Kumbuka kwamba matokeo yanajumuisha udhaifu wa upande wa kurekodi, hivyo ubao ukionekana dhaifu huenda upande wa kucheza ni bora kuliko unavyoonekana. Rudia jaribio huku mchezo mzito ukiendelea ili kadi ya picha ifanye kazi kwa nguvu. Nambari zikiporomoka, umeiona kelele ya ndani ya kasha kwa macho yako. Zisipobadilika, ubao wako umechorwa vizuri.

Asiye na kebo afanye hivi usiku, nyumba ikiwa kimya: avae hedfoni, apandishe sauti hadi nusu bila kucheza chochote, asogeze dirisha kubwa kwenye skrini, asikilize. Kisha aishushe sauti kabla ya kucheza wimbo.